Upaka si Masharubu

Mwonyeshe mtoto wa miaka mitano picha ya fisi, umuulize mnyama huyu anafanana na nani. Atasema mbwa. Mwonyeshe duma, atasema paka, lakini atasita kidogo akiitazama ile miguu mirefu na kile kiuno chembamba. Mwonyeshe fosa, mnyama wa misitu ya Madagaska mwenye rangi ya udongo na mkia unaokaribia urefu wa mwili wake, na hapo hatasita hata kidogo: paka huyo! Mtaalamu wa wanyama akiwa pembeni atatoa alama moja kati ya tatu. Fisi yuko karibu na paka kuliko na mbwa. Fosa ni wa upande wa nguchiro. Duma peke yake ndiye paka wa damu, na ndiye huyohuyo aliyemtia mtoto wasiwasi.

Mtoto hana kosa. Wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 walimpa duma jina la kitaalamu lenye maana ya mbwa-paka, Cynailurus, na fosa wakamweka katika ukoo wa paka, akakaa humo muda mrefu. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2003 ndio uliofunga mjadala: wanyama wala nyama wa asili wa Madagaska, fosa akiwemo, ni wazao wa mzazi mmoja aliyevuka bahari kutoka Afrika, jamaa wa nguchiro. Basi kama jicho la mtoto na jicho la msomi yanadanganyika kwa namna ileile, pana jambo hapo. Kuna kitu tunachokiona katika mnyama, tena tunakiona upesi, kabla hatujahesabu madoa wala kupima meno, tukasema huyu ni wa kipaka.

Nashika msimamo mmoja katika makala haya. Upaka hauko kwenye masharubu, wala madoa, wala masikio ya pembetatu. Upaka ni nguvu inayozuiwa mpaka wakati wake ufike. Kila tunachokiita cha kipaka, kuanzia hatua isiyosikika hadi lile jicho linalokutazama bila kukuomba kitu, kimechipuka kutoka hapo. Na kwa kuwa hatujajisumbua kuelewa chanzo chake, tumewadhulumu wenye sifa hiyo, wanyama na binadamu pia.

Tuanze na tumbo, maana ndiko mambo yote yalikoanzia. Mbwa anaweza kuishi kwa makombo ya aina nyingi. Dubu anakula asali, samaki na matunda. Paka ni mla nyama aliyefungiwa ndani ya nyama, hana mlango wa kutokea. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kumtosha, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hulegea. Hata karoti haimfai kwa vitamini A kama inavyomfaa binadamu. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell mjini Philadelphia walionyesha kwamba chembe ya urithi inayompa mnyama uwezo wa kuonja utamu imeharibika kwa paka wa nyumbani, kwa chuimilia na kwa duma. Sukari kwao haina ladha. Ukimpa paka halua na akailamba, amefuata samli.

Mnyama wa namna hiyo, tena anayewinda peke yake, hana anasa ya kukosea ovyo. Akijeruhiwa hakuna ndugu wa kumletea chakula. Akikimbizana na windo kutwa nzima, atatumia nguvu nyingi kuliko atakayopata kwenye nyama yenyewe. Njia aliyobakiwa nayo ni kukaribia bila kujulikana, kungoja, kisha kumaliza kazi kwa mpigo mmoja. Ukishalishika hilo, mwili wote wa paka unasomeka.

Mtazame paka wa dukani anapomvizia panya nyuma ya magunia ya mahindi. Tumbo linashuka mpaka linakaribia sakafu, mabega yanapanda juu ya mgongo, na kichwa kinabaki palepale, hakipandi wala hakishuki. Mguu wa mbele unainuliwa, unasimama hewani, unangoja. Ukitua, mguu wa nyuma nao unakuja kutua pale pale mwenzake alipoondoka, hivyo sehemu mpya za kukanyaga zinapungua kwa nusu, na uwezekano wa kukanyaga kikavu chenye kelele unapungua vilevile. Masikio yanageuka moja moja. Sikio la binadamu linaishia kwenye sauti ya hezi 20,000 hivi. La paka linavuka 60,000, kwa hiyo vile vilio vyembamba vya panya ambavyo sisi hatuvijui, yeye anavisikia. Kinachotikisika ni ncha ya mkia tu. Kisha makalio yanachezacheza mara mbili tatu, na kabla hujapepesa macho, mambo yamekwisha.

Kuna jambo moja katika kuruka huko ambalo wengi hawalioni, nami nalipenda kuliko yote. Paka haoni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 25 hivi kutoka usoni mwake. Yaani dakika anapomfikia panya, macho hayamsaidii tena. Hapo masharubu, ambayo wakati wa kutembea yalikuwa yamelala pembeni, yanasukumwa mbele na kumzunguka panya, yakipapasa shingo iko wapi. Chonge zinapenya katikati ya pingili za shingo. Kungoja kuliweza kuchukua dakika ishirini; kuruka hakukufika sekunde mbili. Kwa hiyo hata masharubu yenyewe, ambayo tunayachora kwanza tunapomchorea mtoto paka, ni chombo cha ile sekunde ya mwisho.

Kucha nazo zina habari hiyohiyo. Watu husema paka huficha kucha zake, kana kwamba ni kazi anayoifanya kwa hila. Sivyo zilivyoumbwa. Paka akiwa ametulia, kano za vidole ndizo zinazozirudisha kucha ndani bila yeye kujitahidi, zikalala mle kama kisu alani. Akitaka kuzitumia ndipo misuli inapovuta zikachomoza. Amani ndiyo hali ya kawaida ya mguu wa paka. Silaha inahitaji uamuzi. Faida yake ni kwamba ncha hazisagiki kwenye mawe na saruji, na hatua haina mlio. Msikilize mbwa akipita kwenye sakafu ya vigae, kisha umsikilize paka, utanielewa.

Jicho pia. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani na Uingereza walilinganisha mboni za aina 214 za wanyama wa nchi kavu. Wakaona kwamba mboni iliyosimama wima, nyembamba kama ya paka wa nyumbani, inawafaa zaidi wanyama wanaovizia huku wakiwa wafupi, karibu na ardhi, maana inawasaidia kupima umbali wa kuruka. Simba na chui, ambao mabega yao yako juu, wana mboni ya duara. Tunaambiwa jicho la paka ni la kishirikina. Kumbe ni kipimo cha umbali.

Halafu kuna kuanguka. Mwaka 1894 mjini Paris, Étienne-Jules Marey, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza mwendo wa viumbe, alimwangusha paka kichwachini mbele ya kamera iliyopiga picha nyingi kwa sekunde moja. Wanasayansi wenzake waliamini kwamba kitu kinachoanguka hakiwezi kujigeuza hewani bila kusukuma chochote, hivyo lazima paka alikuwa akijisukuma kwenye mikono iliyomwachia. Picha zikawaumbua. Paka alianza kuanguka bila kuzunguka, akafika chini akiwa amesimama. Siri ilikuwa kiunoni: anaikunja miguu ya mbele karibu na kifua na kuinyoosha ya nyuma, nusu ya mbele inageuka haraka huku ya nyuma ikigeuka kidogo tu upande wa pili, kisha anabadilisha, anainyoosha ya mbele na kuikunja ya nyuma, na nusu iliyobaki inafuata. Mwaka 1969 Thomas Kane na M. P. Scher waliiandika hesabu yake, na maarifa ya aina hiyo yakawavutia waliokuwa wakifikiria namna mwanaanga anavyoweza kujigeuza mahali pasipo na uzito. Uti wa mgongo unaopinda hivyo, pamoja na mtulinga mdogo usioshikamana na mifupa ya bega, ndivyo vinavyompitisha paka penye upenyo wowote unaotosha kichwa chake.

Hapa ndipo naelewa kwa nini sifa ya paka, uwanjani, hupewa kipa na haipewi mshambuliaji. Peter Bonetti wa Chelsea aliitwa Paka. Sepp Maier wa Bayern Munich aliitwa Paka wa Anzing, mji mdogo alikokuwa akiishi. Mshambuliaji anakimbia dakika tisini. Huyo ni wa jamii ya mbwa mwitu. Kipa anangoja. Anaweza kukaa nusu saa bila kugusa mpira, kisha anadaiwa mwili wake wote kwa nusu sekunde.

Na hao wawili walikutana. Ilikuwa tarehe 14 Juni 1970, mjini León, Mexico, robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi. Gordon Banks, kipa wa kwanza wa Uingereza, aliugua tumbo, Bonetti akaingia langoni badala yake, Maier akiwa katika lango la pili. Uingereza ikaongoza 2–0. Kisha Beckenbauer wa Ujerumani akapiga shuti la chini, likapita chini ya mwili wa Bonetti. Seeler akasawazisha kwa kichwa. Müller akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Tatu kwa mbili. Bonetti hakuichezea tena timu ya taifa, na mpaka anafariki mwaka 2020 watu walikuwa wakimkumbusha mchana ule. Lawama ile naiona kali mno. Aliyemwita mtu paka alipaswa kukumbuka kwamba paka hukosa. Mondo, yule paka wa nyikani mwenye masikio makubwa na miguu mirefu, ni miongoni mwa wawindaji hodari kabisa wa ukoo huu. Alipochunguzwa Ngorongoro, alifaulu karibu nusu ya mara alizoruka. Duma waliofungwa vifaa vya kupimia nchini Botswana walifaulu karibu mara moja katika kila mara nne. Upaka ni kumudu kukosa, ukarudi kungoja.

Turudi kwa wale watatu wa mtoto.

Fisi kwa nasaba yuko upande wa paka. Jamii ya wala nyama imegawanyika matawi mawili tangu zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita: upande mmoja mbwa, dubu, nyegere na sili, upande wa pili paka, ngawa, nguchiro na fisi. Lakini fisi alichagua maisha mengine. Anakwenda mwendo wa kuchanja mbuga, anamfuata nyumbu kilomita kadhaa mpaka achoke, kucha zake butu ziko nje saa zote, anaishi katika ukoo mkubwa wenye kelele na vyeo. Amebeba damu ya jamaa wa paka na kazi ya mbwa, na kazi imeishinda damu machoni petu.

Duma ni kinyume chake, naye ananivutia zaidi kwa sababu yuko mpakani. Kucha zake hazina ngozi ya kuzifunika, zinashika ardhi kama viatu vya mkimbiaji. Kifua kipana, uti wa mgongo kama upinde. Vifaa vile vya Botswana, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, vilirekodi kasi ya juu ya kilomita 93 kwa saa. Ukiishia hapo utasema huyu ameuacha upaka. Lakini soma takwimu nyingine ya utafiti huohuo: mbio zake kwa wastani zilikuwa mita 173. Mita 173! Kwa mbwa mwitu huko ni kupasha misuli joto tu. Duma ananyemelea kwanza, anatumia kila kichuguu na kila tuta la majani, halafu anatoa vyote alivyonavyo kwa sekunde chache. Akikosa, anakaa chini na kuhema. Mbio zake ni kuruka kwa paka kulikorefushwa. Na akishiba, amelala na ndugu zake, anakoroma kwa raha kama paka wa bibi yako. Simba hawezi kukoroma hivyo.

Fosa ndiye shahidi wangu mkuu. Wazee wake walipofika Madagaska, kama miaka milioni 20 iliyopita, hapakuwa na paka kisiwani. Kulikuwa na miti na, juu ya miti, lemuri. Nafasi ya mviziaji ilikuwa wazi, na jamaa huyu wa nguchiro akaijaza. Uso ukafupika, kucha zikajifunza kurudi ndani nusu, mkia ukarefuka kuwa mizani ya kutembelea matawini, vifundo vya miguu vikalegea hata akaweza kuteremka mtini kichwachini. Hakuna aliyempa upaka. Kazi ndiyo iliyompa. Amerika Kusini, mamilioni ya miaka nyuma, jamaa wa mbali wa kangaruu aitwaye Thylacosmilus alikuwa na chonge ndefu kama za wale paka wa kale wenye meno ya panga, bila undugu wowote nao wa karibu. Palipo na windo, maficho na mwindaji apaswaye kungoja, paka atatokea, kutoka ukoo wowote ule.

Paka wa kweli walifika Madagaska baadaye sana, kwa majahazi. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2020 ulichunguza paka wakubwa wa msituni waliokuwa kitendawili cha kisiwa hicho, ukawakuta ni ndugu wa paka wa Lamu, Pate, Oman, Kuwait na Dubai. Ni wazao wa paka wa vyombo, waliochukuliwa kulinda shehena dhidi ya panya, wakateremka bandarini na kuingia msituni. Msomaji wa mwambao anayewaona wale paka wembamba wa vichochoro vya Lamu wakingoja vichwa vya samaki, anawatazama watu wa mlango mmoja na mabaharia wa kusi na kaskazi.

Kanu na ngawa wananipa shida kidogo. Vijijini wengi huwaita paka wa porini, na ukimwona kanu usiku, madoa mgongoni, pete mkiani, macho yakiwaka kwenye mwanga wa tochi, utakubali. Kanu anavizia kweli, kucha zake hurudi kidogo, na nyayo zake hazisikiki. Lakini pua yake ni ndefu, na siku nyingine anashiba wadudu na matunda. Namkubalia nusu. Ngawa simkubalii: mnyama anayekula matunda, majongoo na mizoga, akitembea huku anainukisha ardhi, hana haja ya kungoja kitu. Madoa yasitudanganye.

Sasa nije kwa binadamu, maana ndipo dhuluma ilipo.

Tunausifu upaka ukiwa mkubwa. Klabu ya Sunderland ya Kariakoo ilijibadilisha jina mwaka 1971 ikawa Simba. Nairobi ina AFC Leopards, Ingwe wao. Zaire ilikwenda Kombe la Dunia la 1974 kwa jina la Chui, na rais wake, Mobutu, alivaa kofia ya ngozi ya chui kichwani. Wahenga walimwelewa simba vizuri zaidi kuliko wachora nembo, waliposema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hawakumsifia mngurumo, walimsifia mwendo. Simba huyohuyo hulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku, na hakuna anayemwita mvivu. Paka wa nyumbani akilala saa 14 kwa sababu ileile, ya kutunza nguvu kwa ajili ya dakika chache za kazi, anaitwa mvivu na mla bure.

Ukimya wake ndio unaomponza zaidi. Mtu au mnyama anayepita bila kusikika, anayetazama bila kusema, asiyeomba radhi wala ruhusa, tunamwona ana lake jambo. Unguja ilikuwa na chui wake, mwenye madoa madogo kuliko ya chui wa bara, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1932. Kwa kuwa alionekana kwa nadra na kuondoka bila kishindo, watu wengi mashamba waliamini kwamba chui wale wanafugwa na wachawi na kutumwa kudhuru. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni kubwa ya kuwasaka wachawi na kuwaua chui, chini ya mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui wa Unguja akaisha, au amebaki kwa uchache usiojulikana; mwaka 2018 watu wa televisheni walinasa picha ya mnyama waliyedai ni yeye, na haijathibitishwa. Kosa la mnyama yule lilikuwa kuwa chui, kufanya kile ambacho chui wote hufanya. Tulisoma subira tukaiita uchawi.

Kusoma macho vibaya hakukuishia kwa wanyama. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyounguzwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Na hata pasipo na panga, kila ofisi na kila darasa lina mtu mmoja mkimya anayefanya kazi yake, hajipendekezi, hacheki asichokiona kichekesho, na wenzake humwita mwenye dharau, mnafiki, mtu wa chini chini. Mwalimu anayempenda mwanafunzi wa kunyoosha mkono kila dakika anamsahau yule wa nyuma aliyekuwa akilipima swali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tunasema, kisha tunakiadhibu hicho kimya. Sidai kila mkimya ni mwema. Nadai kwamba ukimya peke yake si ushahidi wa ubaya.

Paka alitujia mwenyewe. Mbwa tulimfundisha, ng'ombe tulimfunga. Paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati alifuata panya waliofuata nafaka zetu, akakaa. Huko Kupro (Cyprus) lilifukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi, binadamu na paka wamezikwa karibu karibu. Tangu wakati huo hatujambadilisha sana. Paka pori wa Serengeti, mwenye miguu mirefu na wekundu nyuma ya masikio, anaweza kuzaa na paka wa jirani yako. Ndiyo maana ukimwita haji kama mbwa. Hakutengenezwa kuitwa. Kilio chake cha nyau, paka waliokomaa hawaliliani wao kwa wao ila kwa nadra. Wanatulilia sisi, kwa sababu wametuona hatuelewi lugha ya mkia na masikio. Huko ni kujishughulisha na sisi kwa kiasi kikubwa kwa mnyama anayesemwa hana shukrani.

Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Naiona kuwa na elimu ya paka ndani yake. Inataja njia mbili za haki, mlishe au mwachie awinde, na zote mbili zinatambua kwamba mnyama huyu anaishi kwa nyama.

Kwa hiyo nina maombi machache kwa msomaji. Kama unafuga paka, ugali mtupu haumlishi, na maziwa huwaharisha wengi waliokwisha kuwa wakubwa. Mchemshie dagaa bila chumvi, mpe vichwa vya samaki, utumbo wa kuku, chochote chenye nyama. Kama kanu au mondo amekuibia kuku, rekebisha banda: wavu wenye matundu madogo, chini pazibwe kwa mawe au saruji, kuku wafungiwe kabla ya magharibi. Mondo unayemuua leo angekula panya wa shamba lako mwaka mzima. Na kabla hujatega sumu ya panya ghalani, ujue kwamba panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutoka nje akiyumba, na paka, bundi au kanu akimla, sumu ileile inaweza kumuua na yeye.